Santuri Iliyoondolewa Madukani: National Wake na Swali la Utamaduni wa Taifa

Linapotajwa neno utamaduni wa taifa, mawazo ya wengi wetu huenda moja kwa moja kwenye ngoma, ngonjera, vinyago vya Wamakonde na hadithi za wahenga. Si kosa, kwani hayo ndiyo mambo ambayo ukoloni uliyadharau, na ilitupasa kuyaokoa kwanza. Tarehe 10 Desemba, 1962, Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge akiwa Rais mpya wa Jamhuri ya Tanganyika, alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akasikitika kwamba wengi wa waliosoma walizijua dansi za kigeni kuliko ngoma za wazee wao. Miaka saba baadaye, Novemba 1969, muziki wa soul kutoka Marekani ulipigwa marufuku katika Dar es Salaam, kwa hoja kwamba unawapotosha vijana. Hata hivyo wako waliouliza wakati ule: muziki huu umeimbwa na wajukuu wa Waafrika waliochukuliwa utumwani, je, ni mgeni kwetu kwa kiasi gani?

Swali hilo halijapata jibu kamili, nasi hatudai kulimaliza hapa. Twapenda tu kulitazama kwa kutumia mfano mmoja wa Afrika Kusini, nchi ambayo Watanzania waliiunga mkono katika mapambano yake kwa miaka mingi. Mfano wenyewe ni wa ajabu kidogo. Ni santuri moja ya muziki wa gitaa za umeme, iliyotolewa Johannesburg mwaka 1981 na bendi iliyojiita National Wake. Nakala zake zipatazo 700 ziliuzwa, kisha santuri ikaondolewa madukani kwa shinikizo la serikali ya Makaburu.

Muziki uliopigwa na bendi hiyo huitwa panki. Yafaa tuueleze, kwa kuwa wengi wa wanafunzi wetu wameusikia jina tu. Panki ni tawi la muziki wa roki, na lilichipuka katika miji ya New York na London katikati ya miaka ya 1970. Wakati huo roki ilikuwa imetajirika na kunenepa. Bendi kubwa zilitumia miezi mingi na fedha nyingi studioni, na nyimbo zao zilikuwa ndefu na zenye madoido. Vijana wasio na fedha wala mafunzo wakaamua kuukata muziki huo hadi ubaki mfupa. Wimbo wa dakika mbili, gitaa lenye mafungu matatu ya sauti, mwendo wa kasi, na maneno yasemwayo bila kuzunguka. Santuri ya kwanza ya bendi ya Ramones ya New York, iliyotolewa Aprili 1976, iligharimu dola kama 6,400 tu na haikufika nusu saa. Fundisho lake lilikuwa rahisi: mwenye jambo la kusema asingoje aruhusiwe na mafundi.

Fundisho hilo lilisafiri upesi. Lilipofika Johannesburg lilikuta nchi ambayo watu wengi mno walikuwa na jambo la kusema na wachache mno walikuwa na ruhusa ya kulisema. Huko ndiko Ivan Kadey, Mzungu aliyesomea usanifu wa majengo, alikokutana na Gary na Punka Khoza, ndugu wawili kutoka Soweto. Kadey alipiga gitaa na kuimba, Gary alipiga gitaa la besi, na Punka alipiga ngoma. Baadaye aliungana nao mpiga gitaa Steve Moni. Walianza kupiga pamoja miaka ya mwisho ya 1970, na muziki wao haukuwa panki tupu. Ndani yake mlikuwa na rege ya Jamaika, fanki ya Wamarekani weusi, na mapigo waliyokulia nayo akina Khoza katika vitongoji vya Waafrika.

Jina walilojichagulia lastahili kutazamwa na kila apendaye maneno. Kwa Kiingereza, neno lile la pili lina maana zaidi ya moja. Ni kuamka kutoka usingizini. Ni mkesha wa matanga, watu wanapokaa usiku kucha na maiti. Tena ni ile njia ya maji yenye povu inayobaki nyuma ya jahazi lililokwisha pita. Kwa hiyo jina hilo laweza kusomwa kuwa ni taifa linaloamka, au msiba wa taifa, au alama ambayo taifa litaiacha nyuma yake. Kiswahili nacho kina utajiri wa namna hiyo, kwani kwetu pia akeshaye huenda anaomboleza, huenda analinda, na huenda anangoja kupambazuke.

Ili kufahamu uzito wa jambo lililofanywa na vijana hao, yatupasa kuzikumbuka sheria za nchi yao. Sheria ya Maeneo ya Makundi ya mwaka 1950 iliigawa miji kwa rangi, ikaamua nani akae mtaa gani. Sheria ya mwaka 1953 ilitenga mabasi, mabenchi, vyoo na fukwe. Sheria za pasi zilimtaka Mwafrika awe na kitabu cha pasi kila aendako, na asiye na kibali hakuruhusiwa kukaa katika eneo la mji kwa zaidi ya saa 72. Mwaka 1965 lilitolewa tangazo la serikali lililokataza wasanii na watazamaji wa rangi mbalimbali kuchanganyika pasipo kibali. Maana yake ni kwamba watu wanne wakiwa na gitaa tatu na ngoma, kabla hawajatamka neno lolote la siasa, walikuwa wamekwisha vunja sheria kwa kusimama jukwaani pamoja. Vijana wa National Wake waliishi nyumba moja mjini Johannesburg, katika mtaa uliotengwa kwa ajili ya Wazungu, na polisi waliijua nyumba hiyo.

Hawakuwa wa kwanza. Mwaka 1964 wapigaji wa jazi wa The Blue Notes, Mzungu Chris McGregor na wenzake Waafrika, waliondoka nchini kwenda kupiga katika tamasha la Antibes, Ufaransa, wakabaki Ulaya kama wahamishwa. Mwaka 1979 Johnny Clegg na Sipho Mchunu, waliojiita Juluka, walitoa santuri yao ya kwanza iliyochanganya nyimbo za Wazulu na gitaa la Kizungu. Lakini Juluka walianzia katika utamaduni wa kale wa Wazulu na kwenda mbele. National Wake walianzia katika mji wenyewe, katika ghadhabu ya vijana wa miaka mitatu tu baada ya mauaji ya Soweto ya tarehe 16 Juni, 1976.

Sasa tuitazame kazi ya kutengeneza santuri. Msikilizaji hupokea duara jeusi ndani ya jalada la karatasi ngumu, akadhani ni kitu kimoja. Kwa kweli ni kazi ya mikono mingi. Kwanza muziki hunaswa studioni juu ya utepe mpana wa sumaku, ambao umegawanywa katika njia kadhaa, hivi kwamba sauti ya ngoma, ya besi, ya gitaa na ya mwimbaji kila moja hukaa katika njia yake. Kisha fundi huzichanganya njia hizo, akipandisha hii na kushusha ile, mpaka zilingane. Utepe uliochanganywa hupelekwa kwenye mashine yenye sindano kali ichongayo mifuo katika sahani laini. Kutokana na sahani hiyo hutolewa muhuri wa chuma, na muhuri huo ndio unaokandamiza plastiki ya moto, nakala baada ya nakala. Santuri ndefu huzunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika, na upande mmoja hubeba dakika kama 20 hivi za muziki. Mwisho huchapwa jalada, na magari huzisambaza nakala madukani.

Katika nchi huru hizo ni hatua za kazi. Katika Afrika Kusini ya mwaka 1981 kila hatua ilikuwa mlango wenye bawabu. Mlango wa kwanza ulikuwa mahali pa mazoezi, kwa sababu ndugu wawili wa Soweto hawakuwa na haki ya kulala walikofanyia kazi. Mlango wa pili ulikuwa jukwaa, maana bendi isiyoruhusiwa kupiga mbele ya watu haipati fedha wala haipati umahiri. Mlango wa tatu ulikuwa kampuni. Mitambo ya kukandamiza santuri na njia za kuzisambaza vilikuwa mikononi mwa makampuni machache makubwa, na National Wake walitolewa na WEA, tawi la kampuni kubwa ya Marekani. Kampuni hutafuta faida, na mtu atafutaye faida huogopa hasara kabla haijafika.

Mlango wa nne ulikuwa redio. Shirika la utangazaji la Afrika Kusini lilikuwa chombo cha serikali. Lilizigawa idhaa zake kwa rangi na kwa lugha, na tangu mwaka 1960 liliendesha idhaa za Radio Bantu zilizomtaka Mzulu asikilize Kizulu na Msotho asikilize Kisotho, kila mmoja katika zizi lake. Kamati ilisoma maneno ya nyimbo kabla hazijatangazwa. Wimbo uliokataliwa ulikwaruzwa juu ya santuri yenyewe kwa kitu chenye ncha, ili sindano isiweze kuupita hata kwa bahati mbaya. Tuwaombe walimu wawaoneshe wanafunzi picha za santuri hizo zikipatikana. Hapo mwanafunzi ataona kwa macho yake udhibiti wa fikra ukiwa umechorwa juu ya plastiki. Bendi ya weusi na weupe, ikiimba kwa mapigo ya Jamaika na ya Soweto pamoja, haikuwa na zizi la kuwekwa. Mlango wa tano ulikuwa duka. Sheria ya Machapisho ya mwaka 1974 iliipa serikali uwezo wa kupiga marufuku kitabu, filamu au santuri yoyote iliyoonekana kuhatarisha usalama wa dola.

Pamoja na mabawabu hao wote, santuri ilitoka. Mmoja wa nyimbo zake, uitwao "International News", ulihusu ukimya wa vyombo vya habari juu ya ghasia za vitongojini na vita vya Angola. Hapa yafaa kueleza. Majeshi ya Afrika Kusini yaliingia Angola mwaka 1975, lakini sheria ya ulinzi ilizuia magazeti ya nchini kuandika habari za majeshi pasipo idhini, hata wananchi wa Afrika Kusini wakawa wa mwisho kujua vita vya nchi yao wenyewe. Vijana wa kiume wa Kizungu walilazimishwa kulitumikia jeshi kwa miaka miwili. Basi kijana wa Kizungu alipelekwa mpakani asikokujua, na kijana wa Soweto alipigwa risasi mtaani kwake, na redio ilicheza muziki mtamu. Kuimba kwamba habari zinafichwa kulikuwa kutoa habari.

Serikali haikuivumilia. Wala haikuhitaji kuwapeleka vijana hao mahakamani kwa sababu ya nyimbo. Shinikizo likiwekwa juu ya kampuni latosha, kwani halina hakimu, halina rufaa, na halina siku ya hukumu itakayoandikwa katika historia. Baada ya nakala kama 700 santuri ikatoweka madukani. Polisi waliendelea kuwasumbua wapigaji, na kufikia mwaka 1982 bendi ilikuwa imevunjika.

Wakati huohuo, njia nyingine ya vijana wa Soweto ilikuwa inapita hapa kwetu. Baada ya Juni 1976 maelfu yao walivuka mipaka. Mwaka 1977 Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa ANC ardhi ya Mazimbu, karibu na mji wa Morogoro, na huko kikajengwa chuo kilichopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili, 1979. Kwa hiyo katika mwaka huohuo, kijana mmoja wa Afrika Kusini alipanda kitanzini, wenzake walikuwa Mazimbu wakisoma na kuimba kwaya za ukombozi, na wengine walikuwa Johannesburg wakiunganisha nyaya za gitaa katika nyumba waliyokatazwa kukaa. Hatuoni sababu ya kumpima mmoja kwa mizani ya mwingine. Lakini twaona kwamba historia tuliyowafundisha watoto wetu imewakumbuka wa kwanza na wa pili, ikamsahau wa tatu.

Twajua pingamizi litakalotolewa. Msomaji mmoja atasema kwamba kelele za magitaa kutoka London haziwezi kuwa utamaduni wa Mwafrika. Mwingine atasema kwamba santuri ya nakala 700 haikuwa ya umma, maana umma wa vitongojini ulikuwa ukicheza mbaqanga na kuimba nyimbo za kanisani. Hoja hizi si za kupuuzwa.

Kwa hoja ya kwanza, tuitazame historia yetu wenyewe. Mwishoni mwa karne ya 19 watu wa pwani waliziona bendi za kijeshi za wakoloni, wakatwaa tarumbeta na gwaride, wakazaa beni, ngoma iliyoenea kutoka Lamu na Mombasa hadi bara la Tanganyika. Ndani ya beni walishindana, walisaidiana katika misiba, na waliwadhihaki wakubwa. Taarabu nayo ilikuja na ala na mitindo ya Misri na Uarabuni. Siti binti Saad, mwana wa wafinyanzi wa Fumba, aliitia Kiswahili, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri kwa kampuni ya kigeni. Hakuna leo athubutuye kusema kwamba Siti hakuwa wetu kwa sababu mashine ilikuwa ya Waingereza. Hata wimbo wetu wa taifa umekuja kwa njia kama hiyo. Tuni yake ilitungwa Johannesburg mwaka 1897 na mwalimu Enoch Sontonga kwa mtindo wa tenzi za kikristo, na ikarekodiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1923 na Sol Plaatje, tena huko London. Hicho kilichotoka kanisani kwa wamisheni kiligeuzwa na Waafrika kuwa dua ya bara zima.

Ikiwa ni hivyo, asili ya chombo si kipimo cha kutosha. Kipimo kilicho bora ni kutazama chombo kimefanya kazi gani mikononi mwa aliyekitwaa. Akikitumia kujisahau, basi ni nguo ya kuazima, na nguo ya kuazima haisitiri matako. Akikitumia kusema jambo ambalo watu wake wamezibwa midomo wasilisemee, basi amekwisha kulipa deni la kuazima. Hapo ndipo tunapoona kwamba marufuku ya mwaka 1969 ilitokana na jeraha la kweli, lakini ilipiga kwa kufuata sauti na si kwa kufuata matumizi.

Kwa hoja ya pili, tunakubali kwamba nakala 700 ni chache. Wala hatusemi kwamba santuri hiyo iliuangusha ubaguzi. Ubaguzi uliangushwa na watu wengi: wafanyakazi katika vyama vyao, wanafunzi, wanawake, makanisa, wapiganaji, na nchi za mstari wa mbele zilizolipa kwa damu na kwa uchumi wao. Lakini yafaa tuulize kwa nini serikali yenye jeshi kubwa ilizihofia nakala 700. Sababu tunaiona hivi. Ubaguzi ulisimama juu ya madai kwamba watu wa rangi mbalimbali hawawezi kuishi pamoja kwa sababu tamaduni zao haziwezi kuchanganyika. Hotuba ikipinga madai hayo, hujibiwa kwa hotuba. Lakini santuri ilikuwa ushahidi. Ngoma ya Punka na gitaa la Kadey zilisikika katika mfuo mmoja, na hakuna waziri awezaye kuitenga besi na sauti zilizokwisha kandamizwa katika plastiki moja.

Yaliyofuata yana huzuni na faraja. Kadey alihamia Marekani. Gary na Punka Khoza walifariki kabla santuri yao haijapata kusikilizwa na dunia. Sheria ya Maeneo ya Makundi ilifutwa mwaka 1991, uchaguzi wa watu wote ulifanyika mwaka 1994, na tangu mwaka 1997 Afrika Kusini imekuwa na wimbo mmoja wa taifa wenye lugha tano ndani yake, ukianza na dua ya Sontonga. Mwaka 2012 ilitoka filamu ya kumbukumbu juu ya panki katika Afrika, na National Wake walikuwa miongoni mwa waliozungumzwa. Mwaka 2013 kampuni moja ya Marekani ilizikusanya nyimbo zao za miaka ya 1979 hadi 1981 na kuzitoa upya. Santuri iliyoondolewa madukani ikarudi madukani, baada ya miaka 32, katika bara jingine.

Tunawageukia walimu. Nyimbo hizo ziliokoka kwa sababu mtu alihifadhi utepe, na mwingine alihifadhi nakala yake. Bendi zetu za dansi zilirekodi nyimbo nyingi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na nyingi za kanda hizo zipo hata leo katika hifadhi ya shirika la utangazaji la taifa. Lakini majina ya waliopiga besi na ngoma aghalabu hayakuandikwa, na wenyewe wanazidi kupungua mwaka hadi mwaka. Darasa moja la sekondari laweza kufanya kazi ambayo haitaki fedha. Kila mwanafunzi amtafute mzee mmoja wa wilaya yake aliyepata kupiga chombo katika bendi, kwaya, taarabu au ngoma. Amwulize alipiga nini, na nani, mwaka gani, nani alimruhusu na nani alimkataza. Ayaandike majibu kwa ukamilifu, pamoja na yale yasiyotupendeza, na daftari hilo liwekwe katika maktaba ya shule.